Mwanafunzi wa Kiswahili na Kozi ya Ujasiriamali: Tunayoyaona Darasani na Sokoni

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze kutumika nchini Uganda mwaka 2020, masomo mawili yamekutana katika ratiba moja bila watu wengi kuutilia maanani mkutano huo. Kiswahili kimekuwa somo la lazima kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, na ujasiriamali nao umekuwa wa lazima katika vidato hivyohivyo. Kwa hiyo mwalimu anayehitimu katika idara kama yetu ataingia chumba cha walimu na kukaa meza moja na mwenzake wa ujasiriamali. Katika shule ndogo si ajabu mkuu wa shule akamwomba ayabebe masomo yote mawili.

Chuoni nako wanafunzi wetu husoma kozi ya ujasiriamali pamoja na wenzao wa fani nyingine. Wengi huingia darasani siku ya kwanza na uso wa mtu aliyepanda basi lisilo lake. Huuliza: "Mwalimu, mimi nimekuja kusoma fonolojia na ushairi, habari za mtaji na faida zinanihusu nini?" Swali hili ni la haki kabisa. Makala haya yanakusudia kulijibu kwa kueleza mtazamo wa kijasiriamali ni nini, unavyoweza kujengwa katika kozi ya muhula mmoja, na unavyohusiana na kazi ya mtu anayesoma au kufundisha Kiswahili katika nchi ambako lugha hii si lugha ya kwanza ya walio wengi. Tunayoyaeleza yametokana na kusoma kwetu na pia na kushirikiana na wenzetu wa masomo ya biashara katika kuiendesha kozi hiyo kwa wanafunzi wa lugha.

Neno lenyewe

Sisi watu wa lugha hatuna budi kuanza na neno. Ujasiriamali ni neno ambatani, lenye ujasiri upande mmoja na mali upande wa pili. Mashina yote mawili yamekuja kutoka Kiarabu, lakini kuyaunganisha namna hiyo ni kazi ya Waswahili wenyewe. Kifaransa, ambako Waingereza walichukua istilahi yao, hakitaji ujasiri wala mali. Kitenzi chake kina maana ya kujitwika shughuli, kuianza na kuishika. Richard Cantillon, mfanyabiashara mwenye asili ya Ireland aliyefanya kazi Ufaransa na ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1755, miaka zaidi ya 20 baada ya kifo chake, alimweleza mtu huyu kuwa ni yule anayenunua kwa bei anayoijua na kuuza kwa bei asiyoijua. Mkulima hulipa kodi ya shamba iliyokwisha kupangwa, ilhali hajui mazao yatauzwaje wakati wa mavuno. Kinachomtofautisha na mtu wa mshahara ni kule kuishi na jambo lisilojulikana. Utajiri hauhusiki hapo.

Twasisitiza jambo hili kwa kuwa istilahi ina tabia ya kumfundisha mwanafunzi kabla mwalimu hajafungua mdomo. Akisikia "jasiri," anadhani anatakiwa kuwa mtu wa kujitosa, anayekopa fedha na kuzitia zote mahali pamoja huku amefumba macho. Akisikia "mali," anadhani asiye na fedha hana la kuanzia. Kisha mtaani neno limezidi kubanwa. Nchini Tanzania, Desemba 2018, serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na waliolengwa ni wachuuzi na wenye biashara ambazo mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4. Tangu hapo, na hata kabla, mjasiriamali katika mazungumzo ya kawaida ni mama anayeuza mboga au kijana mwenye meza ya viatu. Hatuna la kuwadharau watu hao, maana wengi wao ni walimu wazuri wa kozi hii kuliko sisi. Lakini mwanafunzi akilisikia neno kwa maana hiyo tu, hataona jinsi linavyomhusu mtafsiri, mhariri au mwalimu.

Liko neno jingine ambalo tunalipenda zaidi darasani, nalo ni rasilimali. Asili yake katika Kiarabu ni "kichwa cha mali," yaani mtaji, fedha ya kuanzia. Katika Kiswahili cha leo limepanuka. Twasema watu ni rasilimali, maji ni rasilimali, muda ni rasilimali, ujuzi ni rasilimali. Upanuzi huo wa maana unafanana mno na ugunduzi mmoja muhimu katika taaluma hii. Mwaka 2001 mtafiti Saras Sarasvathy, aliyewachunguza wajasiriamali wazoefu 27 nchini Marekani jinsi wanavyowaza wanapopewa tatizo la biashara mpya, alichapisha maelezo yanayopingana na vitabu vingi vya kozi. Wazoefu hao hawakuanza na lengo kubwa kisha wakatafuta fedha za kulifikia. Walianza na maswali matatu: mimi ni nani, najua nini, namjua nani? Tena hawakujiuliza watapata faida kiasi gani, bali ni hasara kiasi gani wanaweza kuivumilia bila kuanguka. Mtu wa aina hii si jasiri kwa maana ya kujitosa. Ni mwangalifu sana, ila uangalifu wake haumzuii kuanza.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye hana shilingi mfukoni anaweza kuyajibu maswali yale matatu. Anajua Kiswahili sanifu, anajua Kiingereza, anajua Kiganda au Kinyankole au Kilugbara. Anawajua wanafunzi wenzake, mchungaji wa kanisa lake au imamu wa msikiti wake, mjomba mwenye duka, na mwalimu wake wa zamani. Tunapowaandikisha haya kwenye karatasi wengi hushangaa kuona ukurasa umejaa.

Utafiti unasemaje

Je, mtazamo hufundishika? Wapo wanaoamini kwamba mtu huzaliwa nao, kama sauti ya kuimba. Ushahidi uliopo hauungi mkono imani hiyo, ingawa hauungi mkono kila aina ya mafunzo pia.

Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Togo kwa wenye biashara ndogo 1,500. Waliofanyiwa utafiti waligawanywa katika makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja halikupata mafunzo. La pili lilipata mafunzo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, fedha, wafanyakazi. La tatu lilifundishwa juhudi binafsi, yaani kuanza jambo bila kusukumwa, kutazama mbele kabla ya wengine, na kutotetereka kikwazo kinapotokea. Katika miaka miwili iliyofuata, faida ya kundi la tatu ilipanda kwa asilimia 30 ikilinganishwa na wasiofundishwa. Faida ya kundi la mafunzo ya kawaida ilipanda kwa asilimia 11, kiwango ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na sifuri.

Tusikimbilie kusema kwamba hesabu hazina maana. Baadaye tutaonyesha kwamba zina maana kubwa. Tunachojifunza ni kwamba mtu aliyefundishwa sura zote za kitabu cha biashara, lakini akabaki anangoja kuambiwa la kufanya, hafiki mbali. Sisi walimu wa lugha tunaujua ugonjwa huo. Mwanafunzi anaweza kutaja ngeli zote za nomino kwa ufasaha kisha akashindwa kumwelekeza mgeni njia ya kwenda kituo cha mabasi.

Mfano wa pili ni wa hapahapa Uganda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuphana cha Lüneburg, Ujerumani, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Uganda, waliandaa mafunzo yajulikanayo kwa kifupi kama STEP. Katika majuma 12 wanafunzi hujiunga katika vikundi, hupewa mtaji mdogo wa takribani dola 100 kwa kikundi, na huanzisha biashara halisi wakati kozi inaendelea. Hawaandiki mpango wa biashara ya kuwazika; wanauza na kununua. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kuwa waliopitia mafunzo hayo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanzisha biashara kuliko wenzao ambao hawakuyapitia, na kwamba kiungo kikuu kilikuwa kule kutenda kwenyewe. Mtu hujenga mtazamo kwa mikono, kama mtoto anavyojifunza lugha kwa kuisema kabla ya kuijua sarufi yake.

Hapa tuongeze jambo ambalo vitabu vya kutoka nje hulisahau. Uganda haina upungufu wa watu wa kuthubutu. Uchunguzi wa kimataifa wa ujasiriamali wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya watu wazima nchini walikuwa wanaanzisha biashara au wanaendesha biashara changa, kiwango kilichoiweka nchi hii miongoni mwa zinazoongoza duniani. Tatizo ni kwamba biashara nyingi hufungwa mapema, na nyingi hufanana: duka la vocha na soda kando ya duka la vocha na soda. Kwa hiyo kozi inayomhimiza kijana wa Kampala "athubutu" inampelekea samaki mvuvi. Anachohitaji zaidi ni kuona kitu ambacho jirani yake hajakiona.

Masikio ya mwanafunzi wa lugha

Israel Kirzner, mchumi wa New York, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alieleza kwamba kiini cha ujasiriamali ni kuwa macho: kutambua pengo ambalo lipo wazi lakini halijaonwa na wengine. Sisi tungeongeza, kwa wanafunzi wetu, kuwa masikio.

Tazameni historia ya bodaboda. Usafiri huu ulianza mpakani Busia, baina ya Uganda na Kenya, ambako palikuwa na umbali kati ya kituo cha upande mmoja na cha upande wa pili. Abiria mwenye mizigo alishuka upande mmoja akalazimika kutembea. Vijana wenye baiskeli wakaweka kiti nyuma na kuanza kuwaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili. Huduma ikaenea Afrika Mashariki yote, baiskeli ikawa pikipiki, na neno likaingia katika Kiswahili bila kuomba ruhusa kwa chombo chochote cha kusanifisha lugha. Katika mfano huu mmoja mwanafunzi anaona pengo, huduma, na uundaji wa msamiati. Tumekuwa tukiutumia katika kozi mbili tofauti, ujasiriamali na leksikolojia, na hatujawahi kuona darasa likisinzia.

Baada ya mfano huo huja zoezi la siku saba. Kila mwanafunzi hupewa daftari dogo na kutakiwa kuandika, kila siku, mahali pamoja ambapo lugha ilimkwamisha mtu kupata au kutoa kitu. Haruhusiwi kupendekeza biashara yoyote kabla ya siku ya nane. Sharti hilo huwaudhi, lakini linasaidia, kwani mtu aliyekwisha kuchagua jibu hasikii swali.

Madaftari hurudi na mambo ya thamani. Katika Kikuubo, ule uchochoro wa jumla wa Kampala, wafanyabiashara kutoka Kongo huja kununua bidhaa kwa wingi. Kiswahili ndicho daraja, lakini Kiswahili chao cha Bunia au Goma na Kiswahili kidogo cha muuzaji wa Kampala havikutani vizuri kwenye tarakimu. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba alimwona muuzaji akimpa mteja kikokotoo ili ajiandikie bei anayoitaka. Mwingine aliandika habari za kina mama wauza nafaka wa Busia. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaowahusu wenye shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000, ungewaondolea ushuru kwa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Aliozungumza nao hawakuwa na maelezo yaliyoandikwa kwa lugha wanayoisoma, wakawa wanamtegemea dalali. Wa tatu alikwenda Mutukula, mpaka wa Tanzania, akarudi na orodha ya maneno ya mizani, ukaguzi na stakabadhi ambayo hatukuwa nayo katika kamusi yoyote ya idara.

Karibu na nyumbani, walimu wa kidato cha kwanza walisema wanafundisha Kiswahili kwa wanafunzi ambao hawajawahi kukisoma shule ya msingi, na hawana mazoezi ya kusikiliza. Wanavyo vitabu, sauti hawana. Kundi moja la wanafunzi wetu lilirekodi mazungumzo mafupi kumi kwa simu, wakayaweka kwenye kadi ndogo za kumbukumbu na kuyapeleka shuleni. Ni rasilimali ya mtu asiye na mtaji: sauti yake, simu yake na rafiki wa kuzungumza naye.

Hesabu ya tafsiri

Huduma inayotajwa mara nyingi na wanafunzi wetu ni tafsiri, na hapa ndipo hesabu zinapodai haki yao. Tuchukue mfano tunaoutumia ubaoni. Mwanafunzi amepewa waraka wa maneno 2,000 na shirika dogo, akakubali shilingi 20,000 kwa kuwa hakutaka kumpoteza mteja. Amenunua kifurushi cha intaneti kwa 5,000. Amechapa kurasa 8 kwa shilingi 500 kila moja, jumla 4,000. Nauli ya kwenda kuchukua na kurudisha kazi ni 6,000. Kilichobaki ni shilingi 5,000 kwa kazi ya siku mbili. Kisha mteja anarudi na kusema sura ya tatu imebadilishwa, "rekebisha kidogo tu."

Darasa hukaa kimya hesabu inapofika mwisho. Tunawauliza kosa liko wapi, nao huanza kulipanga wenyewe. Bei ilikadiriwa kwa kurasa, na ukurasa wa mteja mmoja si ukurasa wa mwingine. Heri kuhesabu maneno ya matini chanzi. Hapakuwa na malipo ya awali. Hapakuwa na makubaliano ya maandishi juu ya marekebisho. Kubwa zaidi, mtafsiri hakumuuliza mteja waraka unasomwa na nani. Waraka wa kubandikwa ukutani katika zahanati ya mpakani na waraka wa kuhifadhiwa kabatini kwa mfadhili ni kazi mbili zenye bei mbili.

Swali hilo la mwisho ni la isimu zaidi kuliko biashara. Tumelifundisha katika nadharia za tafsiri kwa miaka mingi chini ya anwani ya hadhira lengwa. Mwanafunzi aliyelisikia katika nadharia kama jambo la kukariri hulielewa upya anapoona kwamba ndilo linaloamua kama atakula jioni. Hali imezidi kuwa hivyo tangu programu za kompyuta zianze kutafsiri Kiswahili kwa wepesi wa kutisha. Mteja anaweza kupata rasimu bila malipo. Anachoweza kulipia ni mtu anayejua kwamba rasimu hiyo imeandika neno sahihi kwa Dar es Salaam lakini geni kwa msomaji wa Kasese. Kwa mtazamo wetu mafunzo ya uhariri sasa yana thamani kubwa kuliko mafunzo ya kutafsiri kutoka mwanzo, na mihtasari ya kozi zetu bado haijalipokea hilo sawasawa.

Biashara tunazozikataa

Si kila pengo ni la kuzibwa. Tunapofungua mjadala wa mawazo, wazo linalotajwa kwa sauti ya chini, lakini linalotajwa kila mwaka, ni kuwaandikia wengine insha na tasnifu kwa malipo. Wateja wapo, malipo ni ya haraka, na ujuzi ni wa lugha hasa. Wazo la pili ni kutoa nakala za riwaya na tamthilia teule kwa mashine na kuziuza kwa nusu bei.

Tunayakataa yote mawili, na tunaeleza sababu badala ya kupiga marufuku tu. La pili linavunja Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006, na zaidi ya sheria, linamnyima mwandishi wa Kiswahili riziki yake. Msomaji anayelalamika kwamba vitabu vya Kiswahili ni vichache hapaswi kuwa ndiye anayevikausha. La kwanza linamuumiza hata anayelipa: huyo atapewa darasa la kidato cha pili siku moja, naye hajui kuandika aya. Mwanafunzi mmoja alituambia kwamba sisi tunaweza kusema hivyo kwa kuwa tuna mshahara. Hatukuwa na jibu la kumnyamazisha, wala hatukulitafuta. Tulimwomba aandike kwenye daftari lake huduma nyingine tatu ambazo mteja yuleyule angeweza kuzilipia kihalali. Alirudi na mafunzo ya uandishi kwa vikundi, usomaji wa prufu pamoja na maelezo ya makosa, na uandaaji wa marejeleo. Malipo ni madogo kuliko ya kuandika kwa niaba, tusidanganyane, lakini huduma hizo anaweza kuzitangaza ukutani kwa jina lake.

Je, tunamvua serikali mzigo wake?

Wenzetu wengine katika idara wana mashaka, na mashaka yao yanastahili kusikilizwa. Wanasema: tukiwaambia vijana watengeneze ajira, tunawasaidia wakubwa kukwepa wajibu wa kuajiri. Mwaka 2022, ilipotangazwa kwamba walimu wa sayansi wenye shahada wangelipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, wale wa sanaa, wa Kiswahili wakiwemo, hawakupata nyongeza hiyo, na Juni mwaka huohuo waligoma. Julai ya mwaka huo Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha inapandishwa cheo, naye mwalimu wake anabaki chini ya ngazi. Mhitimu anayeshuhudia hayo, kisha akaambiwa "kuwa mjasiriamali," ana haki ya kuhisi anadhihakiwa.

Sisi hatuoni kwamba kozi hii inachukua nafasi ya madai hayo. Nchi iliyofanya Kiswahili kuwa lazima ina deni la walimu, na deni hilo halilipwi na kijana anayeuza kadi za sauti. Wazo la elimu ya kumwezesha mtu kusimama mwenyewe si geni katika eneo letu; Mwalimu Nyerere aliandika juu ya elimu ya kujitegemea mwaka 1967, lakini hakulitoa kama kisingizio cha kufunga milango ya ajira. Tofauti ni kwamba mwenye njia ya pili ya kupata riziki hudai haki yake bila kupiga magoti. Mwalimu anayeweza kuhariri vitabu jioni hakubali kirahisi kazi ya shule binafsi inayomlipa baada ya miezi mitatu.

Lipo pia shaka la upande wa pili: kwamba tutaigeuza fasihi kuwa bidhaa, na mwanafunzi ataanza kuuliza bei ya kila shairi. Hilo hatujaliona likitokea. Tulichokiona ni wanafunzi kurudi katika somo la lahaja na maswali makali zaidi, kwa kuwa walikwama Kikuubo.

Upimaji

Suala ambalo bado tunalijadili ni jinsi ya kutoa alama. Mtihani wa kawaida wa kozi hii huuliza "Eleza sifa kumi za mjasiriamali," na mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri hupata zote kumi bila kuzungumza na mteja hata mmoja. Kwa wanafunzi wa lugha tumekubaliana na wenzetu wa biashara kwamba sehemu ya alama itolewe kwa daftari: mapengo yaliyoonwa, watu waliohojiwa, bei zilizokadiriwa na kubadilishwa, fedha zilizoingia na kutoka. Fedha ya biashara iandikwe mbali na fedha ya matumizi ya nyumbani, jambo ambalo wanafunzi hulipinga kuliko lolote, kwani mfuko ni mmoja.

Swali gumu ni la kikundi kilichopata hasara. Kikundi kimoja kiliandaa masomo ya jioni ya Kiswahili kwa madereva wa malori. Majuma mawili wakaja wanne, la tatu akaja mmoja, la nne hakuja mtu. Daftari lao lilieleza kwa nini: madereva hawakai mji mmoja kwa siku mbili mfululizo, na wengi wao wanakijua Kiswahili cha barabarani kuliko walimu wao. Waliandika kwamba waliohitaji somo walikuwa makarani wa maghala wanaowapokea madereva hao, na makarani hukaa. Kilichopotea ni shilingi 30,000 za kukodi chumba, kiasi walichokuwa wamekwisha kukubaliana tangu mwanzo kwamba wanaweza kukivumilia. Kikundi kingine kilipata faida nzuri kwa kuuza fulana zenye methali, lakini daftari lake lilikuwa na kurasa mbili tu na halikueleza nani alinunua wala kwa nini.

Tulitoa alama za juu kwa kikundi cha kwanza. Msahihishaji wa pili alihoji, na mjadala ulikuwa mrefu. Mwishowe alama zilibaki, ila tumekubaliana kwamba kuanzia muhula ujao mwongozo wa kusahihisha uandikwe na kugawiwa kwa wanafunzi kabla ya juma la pili. Rasimu yake, pamoja na nakala ya daftari la siku saba, iko katika ofisi ya idara. Walimu wa shule wanaofundisha masomo yote mawili, Kiswahili na ujasiriamali, wanakaribishwa kuichukua, kuijaribu na kutuandikia panapowashinda.